Bati Linavuja Wapi? Kusoma Dalili za Paa Kabla ya Masika

Mvua za mwanzo za masika zikishapiga Dar es Salaam, fundi paa hapatikani. Kila mwenye nyumba anamtaka leo leo. Anafika amechoka, anaonyeshwa doa kwenye siling bodi, anapanda juu ya lile doa, anapaka silikoni, anashuka, analipwa. Wiki inayofuata doa limerudi na limetanuka. Hapo fundi hakukuibia. Alipaka palipokuwa na doa, na maji hayakuingilia hapo.

Maji yakipenya kwenye bati hayadondoki papo hapo. Hung'ang'ania upande wa chini wa bati, huteremka mpaka yakutane na papi, ile mbao ya kulalia bati, hufuata papi hiyo kwenda pembeni, hushika mguu wa kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, na mwisho hudondokea pale mbao inapoishia au ilipo na fundo. Tundu linaweza kuwa mita mbili tatu kutoka kwenye doa, na karibu kila mara liko upande wa juu, kuelekea kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Ukilishika hilo umeshaokoa nusu ya fedha za matengenezo.

Maelezo haya ni ya nyumba zetu za kawaida: kenchi za mbao, papi juu yake, bati la migongo midogo, la migongo mipana au la msauzi, na chini siling bodi au jipsamu. Wakati mzuri wa kukagua kwa watu wa Pwani na kaskazini ni Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Dodoma, Mbeya na Songea, kwenye msimu mmoja wa mvua, fanya Oktoba.

Anzia darini

Wengi hukimbilia ngazi. Mimi naona ukaguzi wa maana uko darini, na huko huhitaji kujua kutembea juu ya bati. Ingia saa sita mchana jua likiwa kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila tundu la msumari uliong'oka litaonekana kama nukta ya mwanga. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu nalo.

Kisha washa tochi uangalie mbao. Michirizi myeusi juu ya papi ni njia ya maji ya siku nyingi. Mchirizi wenye ukingo wa kahawia uliokauka unasema maji yalikuja yakaondoka; mbao iliyolowa, ikikubali kucha kuzama, inasema yanakuja bado. Fuata mchirizi kwenda juu mpaka unapoanzia. Kanyaga mbao za kenchi peke yake. Siling bodi haikubebi, na jipsamu ndiyo kabisa.

Lakini mwanga hauonyeshi kila kitu. Pale mabati mawili yanapolaliana, au chini ya kofia, maji yanaweza kupita mahali ambapo jua halipiti. Huko utahitaji mpira wa maji. Mtu mmoja anakaa darini na tochi, mwingine anamwagia paa kutoka nje, akianzia chini kwenye gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, na kupanda taratibu, kama dakika kumi kila sehemu. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hutajua ni wapi palipovuja.

Doa la kahawia lenye duara kwenye dari

Mtuhumiwa wa kwanza ni msumari, na mara nyingi ndiye mkosaji. Bati lenyewe linaweza kuishi miaka mingi. Kinachokufa mapema ni kile kipande kidogo cha mpira chini ya kofia ya msumari. Jua hukikausha, kikapasuka, kikabaki chuma juu ya chuma.

Halafu kuna kutanuka. Bati la mita 6 likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi kwenye joto la saa nane, tofauti ya nyuzi 40 hivi, hurefuka karibu milimita 3. Jioni hurudi. Kila siku, mwaka mzima, msumari unasukumwa na kuvutwa, tundu linatanuka na kuwa refu, na msumari wenyewe unapanda kidogo kidogo kutoka kwenye mbao. Mbao iliyopigiliwa ikiwa mbichi huharakisha mambo, kwa sababu ikikauka hunywea na kuuachia msumari. Ukisikia paa linapiga tak tak tak jua linapozama, ndiyo kazi hiyo inaendelea. Sauti yenyewe si ugonjwa, lakini ikizidi mwaka hadi mwaka kagua misumari.

Tiba ya msumari uliolegea si kuugongelea tena. Tundu la kwenye mbao limeshachakaa, utakaa miezi michache upande tena. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari ule, yenye washa pana ya mpira. Ikazwe mpaka mpira ubonyee kidogo na usitoke nje ya kofia. Ukikaza kupita kiasi mpira hupasuka siku hiyo hiyo. Na ipite kwenye mgongo wa bati. Fundi aliyepigilia kwenye bonde amekutengenezea tundu mahali ambapo maji yote yanapita.

Kabla hujaenda mbali, jiulize nani alipanda juu ya paa hivi karibuni. Mtu wa dishi la king'amuzi, mtu wa sola, mtu wa kamera. Wengi wao ni hodari kwenye kazi yao, lakini bati si kazi yao: hutembea mahali pasipo na papi chini, bati likabonyea na kuacha kidimbwi, hutoboa tundu la waya na kuliacha hivyo. Doa lililozuka ndani ya miezi michache baada ya dishi kufungwa halina siri kubwa.

Linavuja mvua ikija na upepo, mvua ya kawaida haivuji

Dalili hii inaondoa misumari mingi kwenye orodha. Msumari mbovu huvuja kila mvua. Paa linalongoja upepo lina tatizo la mabati yanavyolaliana, la kofia, au la mahali bati linapokutana na ukuta.

Kwenye mteremko wa kawaida, bati la juu linatakiwa kulipanda la chini kwa sentimita 15 angalau. Kwenye paa lililolala zaidi, 20 na kuendelea. Ubavuni, bati la migongo midogo lipandane mgongo mmoja na nusu au miwili. Fundi anayebana bati ili litoshe, au mwenye nyumba aliyenunua pungufu, hula sentimita hizo kwanza, kwa sababu mvua ikiwa imetulia hakuna anayegundua. Siku upepo ukiusukuma mkondo wa maji kurudi juu, unaingia.

Upande wa kulaliana nao una maana. Ukingo wa ubavuni ulio wazi unatakiwa uupe mgongo upepo wa mvua. Pwani yetu kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukingo unaoangalia baharini ndio unaoteseka. Kwenye paa lililokwisha kuezekwa huwezi kugeuza kitu bila kufumua. Unachoweza ni kuinua ukingo ule kidogo, kuingiza utepe wa mastiki wa kuziba maungio ya bati, na kuongeza skrubu katikati ya zile zilizopo.

Kofia iangalie kwa pande mbili: upana na kubana. Kofia nyembamba, inayofunika sentimita chache kila upande, hairudishi maji ya upepo. Kofia pana isiyobana kwenye migongo huacha matundu ya kupita ndege na mvua. Sponji za kuzibia zenye umbo la bati husaidia.

Pabaya kuliko kote ni kwenye ukuta. Baraza iliyoongezwa baadaye, paa lake likaegemea ukuta wa nyumba kubwa, halafu kiungo kikazibwa kwa sementi. Sementi na bati havikai pamoja. Bati linatanuka, sementi inapasuka, ufa unanyonya maji. Isitoshe, sementi mbichi ina ukali unaokula tabaka la zinki na aluminiamu. Dawa ni bati lililokunjwa, fleshingi, lililoingizwa ndani ya mfereji uliochimbwa ukutani na kuachwa huru chini ili mabati yacheze. Chochote pungufu ya hapo utakirudia.

Matone asubuhi na usiku haukunyesha

Hili huwachanganya watu wa Lushoto, Njombe, Makete na Arusha kuliko watu wa Tanga mjini. Mwenye nyumba anaapa paa linavuja, fundi anapanda haoni tundu, anapaka silikoni kwa kujihami.

Bati usiku usio na mawingu hupoa kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa ya ndani yenye unyevu wa kupika, kuoga na kupumua ikiligusa, unyevu hugeuka maji. Bati limetoa jasho. Kutofautisha ni rahisi: matone ya jasho yametapakaa chini ya bati zima, mapya, safi, na huisha jua likipanda. Tundu hutoa mchirizi mmoja wenye rangi ya vumbi na kutu.

Kupaka kitu juu ya bati hakusaidii hata kidogo. Fungua njia za hewa: matundu ya kupitisha hewa yenye wavu chini ya upenu, mengine kwenye ukuta wa pembetatu wa pande zote mbili, na bomba la jiko litokee nje, lisiishie darini. Nyumba zilizofungwa jipsamu kila kona bila tundu lolote ndizo zinazolia zaidi, na ndizo mbao zake huota ukungu mweusi bila mvua kuhusika.

Kutu: soma rangi yake na mahali ilipo

Bati ni chuma kilichovikwa tabaka. Bati jeupe la kizamani lina zinki tupu. Mengi ya sasa yana mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki zaidi ya 43 na silikoni kidogo (ile ya madini, si ya kuzibia). Kinacholinda paa lako ni tabaka hilo. Unene wa chuma ni jambo jingine, ndiyo geji: namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jembamba kuliko yote mawili. Bati jembamba hubonyea likikanyagwa, na kutu ikianza haina safari ndefu kutokea upande wa pili.

Unga mweupe kwenye bati ambalo bado jipya ni kutu nyeupe ya zinki. Hutokea mabati yakikaa yamelazwa moja juu ya jingine yakiwa na maji katikati, dukani au kwenye saiti. Ukiwa mwepesi, ukafutwa na bati likawekwa kwenye hewa, hauzidi. Vidoa vya kutu vidogo vidogo vilivyotawanyika kama upele kwenye bati la rangi lisilo na hata mwaka: hizo ni cheche za grenda. Fundi alikatia juu ya paa, vipande vya moto vikanasa kwenye rangi. Mabati yakatwe chini kwa mkasi, na machicha ya drili yafagiliwe jioni ile ile.

Kutu nyekundu inayoanzia kwenye ncha zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari ni uzee wa kawaida. Ikiwa bado ya juu juu, isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Ukibonyeza kwa bisibisi ikatoboka, usihangaike na rangi.

Sasa kwa watu wa Kigamboni, Mbezi Beach, Bagamoyo, Unguja na Mombasa. Mtu hutazama juu ya paa, akaliona linang'aa, akaridhika. Kutu ya chumvi huanzia chini: upande wa ndani wa upenu, chini ya baraza, kwenye ukingo uliofunikwa na gata. Juu ya paa mvua inaosha chumvi. Chini ya upenu hakuna kinachoosha, chumvi inakaa, inavuta unyevu wa usiku, inakula. Pandisha mpira wa maji yasiyo ya chumvi chini ya upenu mara kwa mara wakati wa kiangazi, hata mara moja kwa mwezi kama uko karibu na ufukwe. Kazi ya nusu saa, na sijaona inayolipa zaidi.

Kutu ya mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini ina chanzo chake juu kabisa. Tafuta bomba la shaba la kiyoyozi linalodondosha maji, au kipande cha chuma kilichosahauliwa. Maji yaliyopitia kwenye shaba hula zinki kwa kasi.

Kuhusu rangi iliyopauka: pitisha kiganja. Kikitoka na unga, rangi imeanza kuchoka, lakini tabaka lililo chini linaweza kuwa zima. Ni suala la sura kwa sasa.

Paa limebonyea

Simama upande wa pili wa barabara utazame kofia. Inatakiwa inyooke. Ikiwa imelala katikati, au mabati yanafanya mawimbi, acha habari ya kuvuja, tazama mbao.

Mchwa huacha vichuguu vya udongo vyembamba ukutani, kupanda hadi kwenye wolpleti, ile mbao inayolala juu ya ukuta. Gonga mbao kwa mpini wa nyundo: nzima hulia, iliyoliwa hutoa sauti ya boksi. Unga laini chini ya vitundu ni wadudu wengine, watoboaji. Mbao zilizowekwa dawa hustahimili, ila fundi akizikata, ncha iliyokatwa inabaki uchi. Ipakwe dawa tena.

Sababu ya pili ni uzito ambao kenchi hazikuupangiwa. Simtanki la lita 1000 likijaa ni tani moja ya maji peke yake. Kenchi za mbao za inchi mbili kwa nne hazikutengenezwa kubeba hilo, na bado watu huliweka darini kwa sababu fundi bomba alisema presha itakuwa nzuri. Lishushwe kwenye mnara wake. Kenchi iliyopinda haitibiwi na fundi bati. Mwite fundi seremala mzoefu au mhandisi, na mpaka afike mtu asipande.

Gata, faisha bodi na mtindo wa kuficha paa

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5000, na zote zinapita kwenye gata. Gata liteleze kama milimita 5 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kushushia. Likiwa na kidimbwi cha kudumu, maji hurudi nyuma, yanalowesha faisha bodi, ule ubao unaoziba ncha za kenchi kwenye upenu, na ncha za kenchi zinaoza kwa ndani wakati nje rangi bado nzuri. Toboa kwa bisibisi uone. Majani ya mwembe na mwarobaini yaondolewe kabla ya mvua, si katikati yake.

Nyumba za paa la kuficha, ambalo kuta zimepanda juu na bati likalala nyuma yake, ni nzuri kwa picha. Mvua yake yote inategemea mfereji uliojificha ndani ya ukuta, na bomba moja likizibwa na mfuko wa plastiki maji hayana pa kwenda isipokuwa sebuleni. Kama umeshajenga hivyo, dai tundu la dharura: bomba la pili linalotokea nje ya ukuta, juu kidogo ya usawa wa mfereji. Likianza kumwaga maji mbele ya nyumba unajua kuna kuziba.

Silikoni na lami

Fundi atakwambia, "Mama, hapa silikoni tu, tumemaliza." Muulize ni ipi. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi wakati wa kukauka na hula zinki. Kwa bati tafuta ile isiyo na harufu hiyo. Hata nzuri haitakiwi kupakwa juu ya kutu, vumbi au silikoni ya zamani, kwa sababu haishiki. Lami hupasuka kwa jua na huficha tundu, hivyo fundi wa pili anakuta kidonda kimefunikwa. Mimi huvikubali vyote viwili kama kiraka cha kuvusha masika, kwa sharti kwamba mvua ikikata msumari unang'olewa na kazi inafanywa.

Kama ni lazima kupanda

Panda asubuhi bati likiwa kavu na bado si la moto, kwa raba zenye soli laini. Ngazi itoke ukutani mita moja kwa kila mita nne za kwenda juu, na mtu aishike. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ndipo papi zilipo. Nyaya za umeme zikipita karibu na upenu, usipande. Na kama paa ni zile karatasi nene za kijivu zenye mawimbi za nyumba za zamani, inawezekana ni asbesto: usizitoboe, usizisugue, usizivunje. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Tafuta wanaojua kuzishughulikia.

Kiraka au bati jipya

Kama kasoro ziko kwenye misumari, kofia na gata, paa bado ni lako kwa miaka. Kutu ikiwa imetoboa mabati machache ya upande mmoja, badilisha hayo. Inapotoboka kwa bisibisi kila upande, au ukikuta unabadilisha misumari na mbao haishiki tena, fedha za viraka zinapotea. Ezeka upya na ukague kila papi wakati paa liko wazi, maana nafasi hiyo hairudi karibuni.

Ukinunua mapya, ongeza mabati mawili ya rangi ile ile uyaweke stoo. Kiwanda hubadilisha rangi, na lako likipauka halitafanana na la dukani hata likiitwa jina lile lile. Yasimamishe yameegemea ukuta na hewa ipite katikati. Ukiyalaza sakafuni yakiwa na unyevu utayakuta na ule unga mweupe.